Barua pepe ya nyumbani na mdhamini asiyekujua

Karibu kila mwongozo wa kuendesha seva ya barua pepe nyumbani hufika mahali fulani ukaishiwa pumzi. Kurasa nyingi zinaeleza namna ya kufunga Postfix kwenye kompyuta ndogo, kununua jina la kikoa, kupokea barua na kuzisoma kwenye simu. Ikifika zamu ya kutuma, unapewa sentensi mbili tatu za haraka: mtoa huduma wako wa intaneti kafunga poti 25, basi chukua jina la seva yake ya barua, liandike kwenye mstari wa relayhost, weka nywila, washa upya. Imekwisha hiyo.

Haijaisha. Ushauri wenyewe ni sahihi, na kwa wengi wetu huku ndiyo njia pekee iliyopo. Ugomvi wangu ni na namna unavyotolewa, kana kwamba ni suala la kujaza nafasi kwenye faili. Mstari ule mmoja unabadilisha nani anabeba dhamana ya barua yako, nani anaweza kuisoma, na nani atakuambia kama imefika. Usipokuwa makini unabadilisha hata jina la anayehesabiwa kuwa ameituma. Miongozo mingi haigusi hata moja kati ya hayo.

Tuanze na kwa nini poti ilifungwa, maana hapo ndipo watu hukimbilia kulaumu.

Zamani kila seva ilikuwa jirani

Agosti 1982 Jonathan Postel alitoa waraka wa RFC 821, ulioeleza itifaki ya SMTP. Ukiusoma leo utashangaa watu walivyoaminiana. Seva moja inapiga hodi kwa nyingine kwenye poti 25, inajitambulisha kwa jina inalotaka, inataja mtumaji, inataja mpokeaji, inamwaga barua, inajibiwa 250, inaondoka. Hakuna mahali inapoulizwa kitambulisho. Ukisema barua imetoka kwa fulani, imetoka kwa fulani. Tena seva nyingi za wakati ule zilikuwa tayari kubeba barua ya mgeni kabisa na kuisogeza mbele, kama dereva wa lori anayepokea bahasha ya mtu wa njiani kwa sababu anapita huko huko.

Tabia hiyo ya kubeba barua za wageni ndiyo iliyoleta balaa. Miaka ya 1990 wafanyabiashara wa barua taka waligundua kwamba unaweza kuikabidhi seva ya chuo nakala moja tu yenye orodha ndefu ya wapokeaji, nayo ikahangaika kuisambaza kwa gharama yake. Mwaka 1998 programu ya sendmail toleo la 8.9 ilikuja mlango huo ukiwa umefungwa tangu kiwandani, na Februari 1999 waraka wa RFC 2505 ukawaelekeza wenye seva wasibebe barua za wasiowajua. Wale jamaa wakahama. Walihamia kwenye kompyuta za majumbani zilizoambukizwa virusi, maelfu kwa maelfu, kila moja ikituma moja kwa moja kupitia poti 25 huku mwenyewe akiangalia sinema.

Sasa fanya hesabu kidogo. Namba hizi ni za mfano, nimezitunga mwenyewe. Tuseme nyumba 1,000 zinajaribu kutuma barua moja kwa moja kupitia poti 25. Kumbuka mtu wa kawaida haigusi poti hiyo kabisa: anatumia kivinjari au programu ya simu, na hizo zina milango yake mingine. Kwa hiyo katika nyumba 1,000 zinazobisha hodi pale, tuseme 995 ni mashine zenye virusi na 5 ni wapenzi wa teknolojia wenye seva zao. Seva inayopokea, kabla haijasoma hata herufi moja ya barua, ina sababu ya kuamini kwa asilimia 99.5 kwamba aliyepo mlangoni ni mgonjwa. Hiyo ni kanuni ya Bayes tunayofundishwa mwaka wa kwanza: kama hujui chochote kingine kuhusu mtu, unachobaki nacho ni uwiano wa kundi analotoka. Kuwafungia wote 1,000 kunawaumiza watano. Kuwafungulia wote kunaumiza kila mwenye sanduku la barua pepe duniani.

Na ufungaji ulifanya kazi kweli. Brazil mwaka 2009 ilikuwa kileleni mwa orodha za nchi zinazotoa barua taka. Kamati inayosimamia intaneti nchini humo ikakubaliana na makampuni ya mawasiliano poti 25 ifungwe kwa wateja wa majumbani, na kufikia 2013 nchi ilikuwa imetoka kwenye hiyo kumi bora isiyo na heshima. Kwa hiyo mtu akiniambia kufunga poti 25 ni njama ya makampuni makubwa dhidi ya wanyonge, mimi sikubaliani naye. Ilikuwa hatua ya afya ya jamii, kama karantini.

Tatizo la karantini linajulikana. Inaangalia unatoka wapi, haiangalii kama unaumwa.

Hata poti ikifunguliwa

Wapo wanaodhani wakibembeleza hadi poti ikafunguliwa, wamemaliza. Hapana. Kuna vizuizi viwili vingine nyuma yake.

Cha kwanza ni orodha. Shirika la Spamhaus, lililoanzishwa 1998, linatunza orodha kadhaa, na moja inaitwa PBL. Watu huielewa vibaya hii. Kuwemo ndani yake si tuhuma kwamba umetuma barua taka. PBL ni orodha ya safu za anwani za IP ambazo hazitarajiwi kutuma barua moja kwa moja kwa seva za watu, hasa anwani za wateja wa majumbani. Sehemu ya safu hizo huandikishwa na watoa huduma wenyewe, na nyingine huongezwa na Spamhaus. Seva inayopokea inauliza orodha hiyo kwa njia ya DNS, na jibu linaonyesha hata nani aliyeandikisha: 127.0.0.10 ni mtoa huduma, 127.0.0.11 ni Spamhaus wenyewe. Yaani yawezekana kabisa kwamba aliyesema wewe usiaminiwe ni yule yule unayemlipa bili kila mwezi. Na kwa hesabu ya pale juu, hakukosea.

Cha pili ni jina la kinyume. Kawaida DNS inageuza jina kuwa anwani: unauliza jina la kikoa, unapewa IP. Lakini seva za barua huuliza pia kwa upande wa pili, hii IP inaitwaje, halafu zinaangalia kama jina lililopatikana linarudi kwenye IP ile ile. Rekodi ya majibu hayo iko mikononi mwa mwenye anwani, ambaye ni mtoa huduma. Unaweza kumiliki kikoa chako kwa hati zote, ukawa na seva safi isiyo na doa, na bado IP yako ikijibu kwa jina refu la namba namba lililotengenezwa na mashine. Seva ya upande wa pili ikiona jina la namna hiyo inajua hapa ni sebuleni kwa mtu.

Ukiyaweka pamoja, seva ya nyumbani haina namna. Inahitaji mdhamini.

Neno hilo nimelichagua kwa makusudi. Huku kwetu ukitaka kufungua akaunti benki unaweza kuambiwa ulete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Mwenyekiti anaandika kwamba anakufahamu na kwamba unaishi kwenye mtaa wake, anagonga muhuri. Benki haikuamini wewe, inaamini muhuri. Seva ya kupitishia barua inafanya kazi hiyo hiyo: anwani yake ina jina la kinyume linaloeleweka, haimo kwenye PBL, imetuma barua miaka mingi na inajulikana. Wewe unaikabidhi barua, yenyewe inabisha hodi kwa niaba yako.

Tofauti ni kwamba mwenyekiti wa mtaa, angalau kwa nadharia, anakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Seva ya kupitishia inakuuliza nywila tu. Na wakati mwingine haiulizi hata hiyo: inaangalia kama unatoka kwenye mtandao wake, basi inabeba. Mdhamini asiyekujua ni hatari kwake na kwako, kwa sababu mteja mwenzako mmoja akiambukizwa virusi na kumwaga barua 50,000 usiku mmoja kupitia seva hiyo hiyo, muhuri mnaogawana ndio unaochafuka. Asubuhi barua yako ya salamu kwa shangazi inarudishwa na namba 554, na hujafanya lolote.

Unachotoa bila kuambiwa

Hiki ndicho kipande ambacho miongozo ingepaswa kukikalia.

Jambo la kwanza ni ushahidi. Seva yako ikituma moja kwa moja, logi yako inaandika jibu la seva ya mpokeaji yenyewe. Ikijibu 250, maana yake imeipokea barua na imechukua jukumu la kuifikisha au kukutaarifu ikishindikana. Ndivyo waraka wa RFC 5321 wa mwaka 2008 unavyoagiza. Una ushahidi wenye saa na dakika. Ukipitia kwa mdhamini, 250 unayoiona ni ya mdhamini. Kilichotokea baada ya hapo kipo kwenye logi ya mtu mwingine, na wewe unasubiri kama atakuletea barua ya kukuambia imeshindikana. Si wote wanaoleta. Kama umewahi kutuma kifurushi kwa basi unajua tofauti kati ya kumpigia aliyepokea na kumpigia kondakta.

La pili ni faragha, na hapa hata watu wa kompyuta hujichanganya. Usimbaji wa TLS kwenye barua pepe unalinda hatua moja ya safari, seva hadi seva. Seva yako ikizungumza na seva ya mpokeaji kwa TLS, mtoa huduma wako anaona kwamba mmezungumza, haoni mlichosema. Ukipitia kwenye seva yake, TLS inaishia kwake. Anaifungua barua, anaiweka kwenye foleni ikiwa maandishi ya wazi, kisha anaisimba upya kwa hatua inayofuata. Mtu aliyeweka seva nyumbani kwa sababu hataki kampuni kusoma barua zake ameongeza msomaji mmoja ambaye hakuwepo. Sisemi anasoma. Nasema anaweza, na kama barua yako ni ya siri inabidi uisimbe yenyewe kabla ya kuikabidhi.

La tatu linanikera kuliko yote, nalo ni SPF. Hii ni rekodi unayoandika kwenye DNS ya kikoa chako ikisema ni anwani zipi zinaruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Ukianza kupitia kwa mdhamini, mwongozo unakuambia ongeza anwani zake kwenye rekodi hiyo. Sawa. Lakini seva ile ina wateja wangapi? Kila mmoja wao sasa anaweza kuikabidhi barua inayodai kutoka kwako, na rekodi yako mwenyewe itasema ndiyo, ni halali. Isipokuwa mdhamini awe anakagua kwamba mteja huyu anatumia jina lake tu, umegawa muhuri wako kwa mtaa mzima. Mwongozo unaosema "ongeza anwani zake" bila kusema hilo haujakusaidia, umekupa ulinzi wa kuchora ukutani.

Na nywila nayo. Mifano mingi ya mipangilio huweka usalama wa TLS kwenye kiwango cha may au encrypt. Cha kwanza kinakubali kuendelea bila usimbaji. Cha pili kinadai usimbaji lakini hakikagui cheti, yaani unaweza kuongea kwa siri kubwa na tapeli. Kwa seva moja unayoijua kwa jina hakuna sababu ya kulegeza:

relayhost = [smtp.mtoahuduma.example]:587
smtp_sasl_auth_enable = yes
smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
smtp_sasl_security_options = noanonymous
smtp_tls_security_level = secure
smtp_tls_CApath = /etc/ssl/certs

Mabano ya mraba kwenye mstari wa kwanza si pambo. Yanaiambia Postfix iende moja kwa moja kwenye jina hilo badala ya kuuliza kwanza seva ya kupokelea barua za kikoa hicho ni ipi.

Kitambulisho kinachobaki mfukoni

Mpaka hapa unaweza kudhani nasema mdhamini ni ubaya mtupu. Lakini kuna kifaa kinachobadilisha mchezo wote, na ajabu ni kwamba kimekuwepo tangu Mei 2007. Kinaitwa DKIM.

Kinavyofanya kazi: seva yako nyumbani ina ufunguo wa siri. Kabla barua haijatoka, inapiga hesabu ya muhtasari wa maandishi na wa vichwa vilivyochaguliwa, kama mtumaji na mada, kisha inautia saini kwa ufunguo huo. Saini inabandikwa kwenye barua yenyewe. Ufunguo wa wazi uko kwenye DNS ya kikoa chako, yeyote anaweza kuuchukua na kuhakiki. Barua ikipita kwa mdhamini mmoja au watano, saini inabaki nzima mradi hakuna aliyegusa kilichosainiwa. Na DMARC, iliyotolewa kama RFC 7489 mwaka 2015, inakubali hilo: saini ikiwa ni ya kikoa kile kile kinachoonekana kwenye jina la mtumaji, barua imepita, hata kama SPF inaonyesha lori ni la kampuni nyingine.

Fikiria maana yake. Jina lako linaweza kusafiri lenyewe. Lori ni lori tu. Seva inayopokea inaweza kujenga kumbukumbu ya kikoa chako, mwezi baada ya mwezi: huyu ametuma barua 300, hakuna aliyelalamika. Ile hesabu ya Bayes iliyoanza na uwiano wa kundi inapata kitu cha kuisahihisha. Tungeweza kutoka kwenye karantini ya mtaa kwenda kwenye cheti cha mtu mmoja mmoja.

Kwa nini basi seva ya nyumbani yenye saini safi bado inakataliwa ikituma moja kwa moja? Jibu liko kwenye mpangilio wa mazungumzo ya SMTP, na sijaona likielezwa vya kutosha. Saini ya DKIM iko ndani ya barua. Barua yenyewe huanza kutumwa baada ya amri ya DATA, na DATA inakuja mwishoni: baada ya hodi, baada ya kujitambulisha, baada ya kutaja mtumaji na mpokeaji. Ukaguzi wa anwani ya IP unaweza kufanyika mapema kuliko vyote, pale pale kwenye hodi. Seva inaangalia orodha, inaona IP ni ya nyumbani, inajibu 554, inakata. Kitambulisho chako kimebaki mfukoni. Mlinzi wa getini alikufukuza kwa kuangalia daladala uliyoshuka.

Sababu ni gharama. Kumkataa mtu kwenye hodi ni pakiti chache za data. Kupokea barua nzima, kukokotoa muhtasari, kutafuta ufunguo kwenye DNS na kuhakiki saini ni kazi kubwa zaidi mara nyingi, na ukiwa na mamilioni ya mashine zenye virusi mlangoni huwezi kumfanyia kila mmoja. Naielewa sababu hiyo. Ila tuseme wazi kinachofuata: seva ya kupitishia, kwa mtu mwenye DKIM, ni njia ya kuvuka geti ili kitambulisho chako kisomwe. Hiyo ndiyo kazi yake halali. Mwongozo unaofundisha relayhost bila kufundisha kutia saini nyumbani kwanza unakufundisha kuvuka geti na kukaa kimya ndani.

Mwandishi aliyeeleza uchungu wa hali hii kuliko wengi ni Carlos Fenollosa, mhandisi wa Barcelona, ambaye Septemba 2022 aliandika kwamba anaacha kuendesha seva yake ya barua baada ya miaka 23, na kwamba makampuni machache makubwa yameshinda. Makala yake ilisambaa sana na ilistahili. Kwenye dalili yuko sahihi: barua halali zinapotea bila hata kurudishwa, na hakuna wa kumpigia simu. Kwenye tiba ndipo tunapoachana. Alipendekeza adhabu zianze ndogo na ziongezeke kwa kila kosa, dakika kumi, kisha siku, kisha wiki, na zisifungie safu nzima ya anwani kwa kosa la mmoja. Inasikika kama haki, na mahakamani ingekuwa haki. Lakini mtuma taka hana anwani moja. Akiwa na mashine 100,000 zilizoambukizwa, kila moja ikafungiwa dakika kumi, yeye anazungusha tu. Kwenye IPv6 ni vichekesho: nyumba moja kwa kawaida hupewa angalau kipande chenye anwani 18,446,744,073,709,551,616. Kuadhibu anwani moja moja hapo ni sawa na kuokota mchanga wa Coco Beach punje kwa punje. Anwani ni kitu cha bei rahisi mno kubebeshwa sifa ya mtu. Ndiyo maana naamini sifa inapaswa kukaa kwenye kikoa na saini. Hiyo ingemsaidia hata yeye zaidi kuliko adhabu za dakika kumi.

Februari 2024 Google na Yahoo walianza kutekeleza masharti waliyoyatangaza Oktoba 2023. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC. Mtumaji mdogo anadaiwa SPF au DKIM, pamoja na jina la kinyume lililo sawa na TLS. Wengi waliyapokea kama kamba nyingine shingoni mwa wadogo. Mimi nayaona kama hatua ya nusu kuelekea kule ninakotaka: angalau sasa saini inadaiwa. Nusu iliyobaki, kwamba mwenye saini safi asihukumiwe kwa mtaa wake, haijaandikwa popote kwenye masharti hayo.

Na huku kwetu

Kwa msomaji wa Dar, Nairobi au Bujumbura kuna tabaka jingine. Mitandao mingi ya simu haikupi anwani ya IPv4 ya peke yako. Mnagawana wengi anwani moja, na ukiangalia ruta yako unakuta anwani inayoanza na 100.64 au jirani zake, safu iliyotengwa rasmi mwaka 2012 kwa kazi hiyo ya kugawana. Anwani zimekuwa haba: tangu Januari 2020 AFRINIC, msajili wa anwani za bara letu, iko kwenye awamu ya mwisho ya mgao, ambapo mwombaji hapati zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja.

Kwa mtu aliye nyuma ya anwani ya kugawana, mjadala wa kufungua poti 25 ni wa watu wengine. Jina la kinyume la anwani inayotumiwa na nyumba mia haliwezi kuwa jina lako. Hata kupokea barua kutakulazimu kutafuta njia ya kuzunguka. Kutuma kupitia mdhamini kunabaki kuwezekana, kwa sababu muunganisho unaanzia kwako kwenda nje. Kwa hiyo ubora wa mdhamini kwetu ndio mchezo wote.

Na hapa ndipo watoa huduma wetu wanastahili kubanwa, badala ya kulaumiwa kwa kufunga poti. Waraka wa RFC 5068 wa Novemba 2007 uliwapa masharti yanayoeleweka: atakayekabidhi barua athibitishwe, barua iweze kufuatiliwa hadi kwa aliyeikabidhi, na poti 587 isizuiwe hata kama mteja anaenda kwa mdhamini wa nje. Hilo la mwisho ni kubwa. Maana yake hulazimiki kudhaminiwa na anayekuuzia bando. Unaweza kutafuta mwingine, wa ndani au wa nje, mwenye tabia nzuri zaidi.

Nzuri kwa kipimo gani? Mimi ningemuuliza kwanza kama ananiruhusu kutuma kwa kikoa changu au ananilazimisha jina lake. Halafu kama anagusa barua, kwa sababu kipo kizazi cha seva kinachoongeza tangazo chini ya kila barua, na neno moja likiongezwa kwenye maandishi, saini ya DKIM imekufa. Ningeuliza kama anawazuia wateja wengine kutumia kikoa changu. Akijibu hayo matatu vizuri, bei na idadi ya barua kwa siku ni mazungumzo ya kawaida. Ufaransa, kampuni ya Free kwa miaka mingi imewaachia wateja wa majumbani swichi ya kuzima wenyewe kizuizi cha poti 25. Kizuizi kinakuwepo kwa kila mtu tangu mwanzo, na anayejua anachofanya anakiondoa. Karantini yenye mlango, basi. Sioni kwa nini mteja wa faiba wa hapa, mwenye anwani yake isiyobadilika, asipewe hiyo hiyo.

Kabla hujamwamini yeyote, fanya jaribio dogo. Jitumie barua kupitia seva yako kwenda kwenye akaunti uliyonayo kwingine, fungua chanzo cha barua, tafuta mstari unaoanza na Authentication-Results. Usiridhike kuona dkim=pass. Angalia kinachofuata, header.d au header.i, kimeandikwa kikoa cha nani. Kikiwa chako, jina lako limefika. Kikiwa cha mdhamini peke yake, aliyetuma barua ile, kwa macho ya seva iliyopokea, ni yeye.